Vita ya Kagera ilianza lini? Inategemea unamuuliza nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kweli historia ya vita huandikwa na mshindi. Mi naona mshindi kazi yake kubwa ni kuchagua tarehe ya kuanzia, hayo mengine yanajipanga yenyewe.

Chukua vita ya Kagera. Huku Bongo inaanza Oktoba 1978, nduli Iddi Amin wa Uganda anavuka mpaka, jeshi lake linaswaga ng'ombe, linapora mpaka kiwanda cha sukari, daraja la Kyaka linalipuliwa, halafu Mwalimu anaingia na ile ya sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo, ambayo hata mtoto wa juzi anaijua. Na yote kweli, mzee wa Misenyi aliyekimbia na godoro kichwani humdanganyi.

Ila watetezi wa Amin (wapo tele, tena siku hizi wana bando) wao wanaanza Septemba 1972, wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipotokea kwetu kwenda kuvamia Mbarara na Masaka wakachapwa, Amin akajibu kwa kutuma ndege kupiga Bukoba na Mwanza. Nayo kweli! Ukimuuliza Mganda aliyeteswa na Amin atakurudisha Januari 1971, siku ya mapinduzi, kwake 1979 ni ukombozi na askari wetu waliitwa wakombozi, roketi zao zikaitwa saba saba.

Halafu kuna ubishi wa nani aliingia Kampala tarehe 11 Aprili. Masimulizi mengine ya kule ukiyasikia utadhani JWTZ, jeshi la Tanzania, ilikuwa inasindikiza tu wapiganaji wa Kiganda, vijana wa Museveni na wale wa Oyite-Ojok, wakati kazi nzito ilifanywa na jeshi letu, hapo mi sibishani na mtu.

Na sisi tuna letu. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18, ikaisha, mkanda haukulegea, kila dukani kulipokosa sabuni ikawa "vita imetumaliza", kana kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuvunjika 1977 na mafuta hayakupanda bei.

Sasa madogo wanafundishwa 1978 tu. Siku akikutana na Mganda huko mtandaoni akaambiwa "nyie ndo mlianza, kaangalie 1972", dogo anabaki kutukana tu maana jibu hana.