Jina Siti lina maana gani?

Dada uliyeuliza kama Siti ni jina la kizamani la bibi zetu tu, hapana, ni zuri sana mpe mtoto. Asili yake Kiarabu, sitt yaani bibi mwenye heshima zake, na ndo maana ukienda Malaysia na Indonesia kina Siti wamejaa kibao, Siti Nurhaliza yule mwimbaji si unamjua, ila huku kwetu bara kulisikia ni nadra kidogo, Zanzibar ndo utawapata.

Na kwetu huwezi kulitaja bila Siti binti Saad. Yule mama kazaliwa Fumba, Unguja, 1880 hivi, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, eti Mtumwa! Siti kaja kupewa baadaye mjini akishakuwa mwimbaji wa taarabu, heshima hiyo, halafu 1928 akaenda zake Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mpaka leo kuna kitukuu chake anaitwa Siti Muharam naye anaimba taarabu. Kwa hiyo wakikwambia la kishamba wapotezee tu.