Kabla hujanunua matone ya macho, nisikilize

Juzi saa kumi na moja alfajiri simu iliwaka kando ya kitanda. Ujumbe ulitoka kwa kijana anayechomelea vyuma upande wa Malaba, ambaye tumeonana mara moja tu: "Mzee habari. Macho imejaa mchanga tangu saa sita ya usiku, siwezi kufungua. Bibi yangu ndiye anaandika. Kuna ile dawa ya matone watu wa hapa wanatumia, nichukue?"

Nilimpigia palepale. Nikamwambia anawe kwa maji safi ya baridi, akae gizani na macho yamefumbwa, ameze dawa ya maumivu, asiguse mashine kwa siku mbili, na kama siku ya pili bado yanamuuma aende hospitali. Matone asinunue. Kisha nikabaki nimekaa kitandani mpaka jua likatoka. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi, miaka zaidi ya 30 iliyopita, na wakati huo sikuwa na mtu wa kunipigia.

Kwa hiyo leo naandika kwa ajili yake na kwa kila anayeshika chuma. Najua mnachotaka, kwa sababu nilikitaka mimi pia: karakana yako, mashine yako, nyumba ya matofali, watoto wasifukuzwe shule kwa ajili ya karo, na ukifika miaka 60 uwe bado unafanya kazi yako bila kunyoosha mkono kwa mtu. Mimi nimevipata. Nina karakana hapa Busia, upande wa Uganda, na ukipita barabara ya kuingia mjini utaona mageti yangu, mengine yana miaka 15 na mshono haujaachia. Lakini jicho langu la kushoto limebaki kama dirisha lililopakwa chokaa, na bila kifaa sikioni simsikii mjukuu wangu.

Nilianza Katwe, Kampala, mwaka 1991. Anayeijua Katwe anajua: vyuma chakavu kila upande, masufuria, majiko, vitanda, mageti, nyundo zinalia tangu asubuhi. Bosi wangu alikuwa na kinyago kimoja cha kuchomelea kwa watu wanne, na kioo chake kilikuwa kimepasuka. Siku niliyouliza changu kiko wapi alinijibu mbele ya wenzangu kwamba fundi wa kweli hufumba macho tu anapowasha. Sijalisahau neno lile. Nilikuwa kijana, nikataka nionekane fundi wa kweli.

Usiku wa kwanza nilidhani ninapofuka. Hicho ndicho kinachowapata wengi. Mchana unachomelea, unaona cheche, huumwi popote. Mwanga wa mashine una miale isiyoonekana, ya aina ileile inayounguza ngozi juani, ila yenyewe ni mikali zaidi na iko karibu na uso wako. Inaunguza utando wa mbele wa jicho, na maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12. Umeshakula, umeshalala, ndipo unaamshwa na mchanga wa moto. Kwa kawaida, jicho likipumzishwa, hupona lenyewe kwa siku moja au mbili.

Lenyewe. Ningependa kila kijana alishike neno hilo, maana mimi sikulijua. Katwe tulitiana maziwa machoni. Tulibandika vipande vya kiazi. Halafu mmoja wetu akaleta kichupa kidogo kutoka duka la dawa, matone mawili kila jicho, na kufika mchana wekundu wote umekwisha. Nikasema dawa ni hii. Tangu siku hiyo kichupa hakikutoka mfuko wa shati. Jicho likiwasha, natia. Vumbi la grainda, ile mashine ya kukata na kulainisha chuma, likiingia, natia. Nilipohamia Busia kuanza kazi yangu mwenyewe, muuza dawa wa hapa naye akaniuzia, miaka mingi, bila kuniuliza hata mara moja ninaumwa nini. Alikuwa ananiita mteja wake mzuri.

Ndani ya kichupa kile mlikuwa na deksamethasoni. Ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Daktari akiiandika kwa ugonjwa wake na kwa siku zake, inasaidia. Ukiitumia mwenyewe kwa miezi na miaka, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo huua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho mapema. Wekundu unaondoka, jicho linaonekana zuri, kumbe nyuma linakufa. Soma karatasi ya dawa kabla ya kulipa. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni na hakuna daktari aliyekuandikia, rudisha.

Miaka ya mashaka na ya kuhama siisimulii. Nije mwaka 2013, nilipokuwa na miaka 42.

Fundi akitaka kujua kama bomba la pembe nne limenyooka, hulinyanyua ncha moja mpaka usawa wa shavu, anafumba jicho moja, na kwa jingine anafuata ukingo wa bomba mpaka mwisho. Maisha yangu yote nilifumba la kushoto. Siku hiyo chembe ya chuma ilikuwa imeniingia la kulia, kwa hiyo nikafumba la kulia. Nikanyanyua bomba. Nikaona kipande cha katikati, upana wa kiganja, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Pande zote palikuwa na ukungu. Nikadhani ni moshi. Nikapangusa jicho kwa mkono, nikaangalia tena, bomba lilikuwa halina mwisho. Kijana niliyekuwa naye alikuwa amesimama kushotoni kwangu, karibu kabisa, na sikumwona mpaka aliponishika bega akaniuliza kuna nini.

Hospitalini walinipima presha ya macho. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. La kulia lilikuwa na 24. La kushoto 38. Daktari aliniambia jina, glakoma, kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: kilichokwisha hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Tunalinda kilichobaki. Mtoto wa jicho huondolewa, unawekewa lenzi, unaona tena. Glakoma hairudishi kitu.

Akaniuliza pia kama nyumbani kuna aliyepofuka. Nikanyamaza. Baba yangu alipofuka akiwa na miaka 60 hivi, pole pole, bila kuumwa. Ndugu walisema amerogwa na jirani kwa ajili ya shamba, na nyumba zile mbili hazijasalimiana vizuri mpaka leo. Daktari alinieleza kwamba glakoma hutembea katika ukoo, na sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema zaidi. Mzazi au ndugu yako akiwa nayo, hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine. Ukiongeza na matone yangu ya kila siku, hesabu ikawa imekamilika. Nililia kwenye benchi la hospitali, mtu mzima, kwa ajili ya baba zaidi kuliko jicho langu. Tulimlaumu jirani miaka yote ile.

Niliporudi nyumbani niliwakusanya ndugu zangu wote. Wawili walikataa. Nikawalipia nauli. Mdogo wangu wa mwisho alikutwa na presha imepanda na macho yake bado mazima. Anatia matone yake ya kushusha presha kila siku, mpaka leo anaendesha lori. Katika yote niliyofanya maishani, hilo naliweka juu ya mageti.

Sasa masikio, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu huyadharau.

Sikio halikuniuma hata siku moja. Jioni nikitoka Katwe yalikuwa yanalia kama nyenje. Asubuhi yamenyamaza, nikadhani yamepona. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza mtama. Vingine huinuka usiku, vingine haviinuki tena, na binadamu haoti vingine. Wataalamu wanasema kelele ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Grainda ikikata chuma hufika desibeli 100 hivi. Piga hesabu: dakika 15. Mimi nilikata chuma kutwa nzima, miaka zaidi ya 20.

Zinazoondoka kwanza ni sauti nyembamba: ndege, watoto, na zile herufi nyepesi, s, f, sh, t. Watu unawasikia, ila maneno yanakuja yametafunwa. Unaanza kusema siku hizi vijana wanaongea ndani ya mdomo.

Mwaka 2017 mteja alinipigia simu akataja upana wa geti. Nikasikia sita. Nikarudia, "Futi sita?" Akajibu ndiyo, au mimi nilisikia ndiyo. Tulipolipeleka geti, nafasi ilikuwa futi tisa. Sita na tisa. Yaseme mwenyewe kwa sauti: irabu ni zilezile, kinachotofautisha ni s na t tu, na hizo ndizo zilizokuwa zimeniondoka. Yule mteja alinitukana mbele ya vijana wangu na mbele ya mke wake, akadai arubuni yake yote, nikarudisha. Chuma cha shilingi milioni 1 na laki 3 kikabaki karakanani. Fedha ilirudi baadaye. Lile tusi bado liko.

Nilichukua miaka mitatu zaidi kwenda kupimwa, kwa aibu. Niliacha kwenda kwenye vikao vya ukoo kwa sababu sikuelewa yanayosemwa, watu wakasema nimepata pesa nimeanza maringo. Mjukuu wangu aliacha kuniita Jajja, akawa ananivuta shati. Siku hizi watafiti wa jarida la Lancet, kwenye ripoti zao za 2020 na 2024, wameweka upungufu wa kusikia katika umri wa makamo miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Siwezi kushangaa. Mtu asiyesikia huacha kuzungumza, na akili isiyozungumza na watu hulala.

Kifaa nilichonunua kiligharimu fedha za mashine mpya ya kuchomelea. Kinasaidia, ila hakirudishi sikio la ujana. Vizibo vya masikio ningevinunua kwa bei ya sahani ya posho na maharage.

Kwa hiyo wanangu, fanyeni haya. Kinyago chenye kioo namba 10 au 11, si miwani ya jua ya barabarani, hata kama ni kushika pointi moja, yaani kuchomelea nukta moja tu. Msaidizi anayekushikia chuma naye avae. Miwani ya wazi wakati wa grainda. Vizibo au vifuniko vya masikio kila grainda inapowaka, kila inapowaka. Kama umeajiriwa, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 hapa Uganda inamtaka mwajiri akupe vifaa hivyo bila kukukata mshahara. Simu sikioni isizidi asilimia 60 ya sauti, na kwenye harusi usikae mbele ya spika. Sikio usilichokoe kwa kijiti cha pamba wala njiti ya kiberiti. Ukidungwa gentamisini, ile sindano ya kuua bakteria, na sikio likaanza kulia, mwambie daktari siku hiyohiyo, usingoje kumaliza dozi.

Na nendeni mkapimwe. Ukifika miaka 40, hata kama unaona vizuri. Mapema zaidi kama kwenu kuna aliyepofuka. Mwenye sukari, kila mwaka. Usiridhike na kusoma herufi ukutani na kupewa miwani ya kusomea, sema wazi, "Nataka presha ya macho ipimwe na mshipa wa nyuma uangaliwe." Huku mashariki tuna hospitali ya macho ya Benedictine pale Tororo, Kampala kuna Mulago na Mengo, watu wa Mbarara wana Ruharo. Usingoje maumivu. Glakoma yangu haikuuma, masikio hayakuuma. Kilichouma ni ule mchanga wa usiku, na huo ungepona wenyewe.

Karakanani kwangu sasa nina vijana sita. Hakuna anayewasha grainda masikio yakiwa wazi. Mmoja alijaribu mwezi uliopita, nikazima umeme wa karakana nzima mpaka akavaa, na mteja alikuwa anangoja.

Jana jioni yule kijana wa Malaba alinipigia mwenyewe. Amefungua macho, yanaona, bado mekundu kidogo. Nikamuuliza anatumia kioo gani, akanyamaza kwanza, kisha akasema anatumia miwani ya jua. Nimemnunulia kioo namba 11 na vizibo jozi mbili, moja ni ya msaidizi wake. Dereva wa takisi anaondoka navyo asubuhi.