Miche ya kunyonya sumu na bustani ya lengalenga

SWALI: Bwana agronomu, parseli yangu (kiwanja cha nyumba) iko Lubumbashi, upande ambao moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa unaelekea. Kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba akiuza miche ya mlonge na mkaratusi. Anasema nikipanda 10 kando ya ukuta, kwa miaka 2 itakuwa imenyonya sumu yote ya udongo, kisha nilime lengalenga na matembele bila wasiwasi. Ni kweli? (Mama wa watoto 4)

JIBU: Hapana, Mama. Hiyo miaka 2 ameitunga mwenyewe, na kila mvua zikikaribia napata swali hilihili.

Tupige hesabu. Parseli ya mita 20 kwa 25, ukihesabu sentimita 20 za juu peke yake, ina udongo wa tani 130 hivi. Tuseme kila kilo ina gramu 1 ya shaba. Kwa mahali ambapo upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukimwaga moshi wa tanuru tangu 1911, kiasi hicho hakinishangazi. Basi umekalia kilo 130 za shaba. Miti yako ikiangusha kilo 300 za majani makavu kwa mwaka, na kila kilo ikabeba miligramu 100 (hapo nimekuwa mkarimu), umetoa gramu 30. Utangoja zaidi ya miaka 4,000, tena kwa sharti kwamba kila jani liokotwe na kupelekwa mbali. Likioza palepale, shaba imerudi ilikotoka. Na risasi, ile metali yenye sumu, ni mbaya zaidi, maana sehemu kubwa hubaki mizizini, haipandi kabisa.

Wajanja hukimbilia kutaja mimea ya vilima vya shaba vya Katanga, kama Haumaniastrum katangense, ambayo watafuta madini waliifuata, wakitaka kuonyesha kwamba mimea hunyonya shaba. Kwanza huo ni mmea mdogo, si mti. Pili, ilikuja kuonekana kwamba sehemu ya shaba iliyokuwa ikipimwa ndani ya majani yake ilikuwa vumbi lililoganda juu yake.

Na kukamata vumbi ndiyo kazi halisi ya mti. Wakati wa kiangazi, udongo mtupu ukipeperuka, mwembe wenye majani mabichi mwaka mzima unakamata sehemu ya vumbi kabla halijaingia jikoni. Majani yenye manyoya au yanayokwaruza hushika zaidi ya yale laini. Mizizi nayo inazuia udongo usiondoke. Ndiyo maana watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipanda miti pale Penga Penga, eneo la Lubumbashi lililochafuliwa na moshi wa kiwanda, kwenye mashimo yaliyotiwa udongo mwingine, mbolea na chokaa. Walitaka kufunika ardhi iliyokuwa uchi. Hakuna aliyeahidi kwamba pale patalimwa mboga.

Lakini mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba huosha sehemu kubwa ya lile vumbi likaanguka chini ya mti. Usilime hapo. Na linaloniudhi kuliko yote: watu wanakata matawi ya hiyo miti yao ya kuchuja, wanapikia bukari (ugali), halafu majivu wanayamwaga kwenye tuta la lengalenga kuwa mbolea. Kilo 100 za kuni huacha majivu kilo moja, pengine mbili. Sehemu kubwa ya metali iliyokuwa imetawanyika ndani ya kuni sasa iko kwenye kopo moja, nawe umeipeleka moja kwa moja kwenye mboga ya watoto.

Kwako wewe: panda miembe upande upepo unakotoka, ni vizuri. Lengalenga ilime kwenye matuta ya kuinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na kiwanda, maana mboga za majani huvuta kadimi, metali nyingine yenye sumu, upesi. Osha majani kwa maji zaidi ya mara moja. Ndani ya nyumba piga deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unalirusha vumbi tu. Chokaa hutuliza shaba, zinki na kadimi udongoni zisipande kwenye mboga, ila aseniki, sumu nyingine, inaweza kulegea zaidi, kwa hiyo udongo upimwe kwanza.

Huyo kijana wa miche mwombe karatasi ya maabara: udongo wa parseli moja tu, kabla na baada. Hatakuwa nayo. Wenzake wako sokoni na unga wa mlonge wa "kusafisha damu". Mbegu za mlonge hutuliza matope kwenye maji, hilo ni kweli, lakini majani yaliyoota kwenye vumbi la kiwanda yanabeba vumbi hilohilo. Wengine wanawauzia wajawazito pemba, eti inatoa sumu tumboni, wakati pemba yenyewe ni udongo na inaweza kuwa na risasi. Risasi hupimwa kwenye damu, na dawa za kuitoa hutolewa na daktari baada ya kipimo. Ukiwa na hofu juu ya watoto, peleka hela ya miche kwenye kipimo hicho.