VPN inashusha pingi kweli? Na Netflix ya Marekani je?

Swali: Fundi habari ya Kisumu. Mimi niko Nakuru, pande za Lanet, nina faiba ya nyumba na PS5. Mchana mpira unachezeka vizuri, lakini ikigonga saa mbili usiku pingi inapanda hadi 300, straika wangu anakimbia akirudi nyuma. Jamaa wa duka la simu ameniambia niweke VPN ya bure, eti pingi itashuka na pia nitaona Netflix ya Marekani. Ni ukweli ama ananicheza? Na akaunti yangu inaeza fungwa?

Jibu: Salama kaka. Mambo ya Netflix ana ukweli kidogo, ya pingi (muda data inachukua kwenda kwa seva na kurudi, kwa milisekunde) amekudanganya, ingawa labda hata yeye hajui.

VPN inachukua data yako, inaifunga ndani ya data ingine isiyosomeka, inaipeleka kwanza kwa seva yake, halafu hiyo seva ndiyo inaisukuma kwa seva ya gemu. Umeongeza stegi njiani. Ni sawa na kutoka Lanet ukienda Naivasha halafu makanga akuambie lazima mpitie Nyahururu. Na umbali haubembelezwi: mwanga ndani ya faiba unaenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 unakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 ukipiga mstari moja kwa moja, hapo tayari ni karibu 70, na waya wenyewe hauendi hivyo, unashuka hadi Mombasa, unaingia baharini, unapanda Bahari ya Shamu, unavuka Misri ndio uone Ulaya. Kwa hivyo kama seva ya gemu yako iko Ulaya na unapata 140 au 150, hiyo ndiyo bei ya kukaa huku, hakuna app itakupunguzia.

Kuna wakati VPN inasaidia, sikatai. Kampuni yako ya intaneti ikiwa inazungusha data kwa njia mbovu, VPN inaeza kukuvusha kwa njia ingine. Mwezi wa tano 2024 waya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, data ya Afrika Mashariki ikaanza kuzungushwa kwingine, na siku kama hizo kubadilisha njia kunaeza leta tofauti. Ama kampuni ikiwa inabana gemu au video kusudi, VPN inaficha wasione ni nini unafanya. Lakini wewe mchana uko sawa na usiku unaumia. Hiyo si njia mbovu, hiyo ni msongamano, na swali ni uko wapi.

Fanya hivi leo usiku. Chukua laptop, ichomeke kwa rauta na kebo, fungua dirisha mbili za cmd (ile skrini nyeusi ya Windows ya kuandika amri), moja andika ping -t na anwani ya rauta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1), ya pili ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google), uziache zikimbie. Halafu rudia na waifai. Kama kwa kebo rauta inajibu milisekunde 1 lakini kwa waifai inaruka hadi 80, shida ni waifai, majirani wote wa ploti wamejaa hewani saa hiyo, vuta kebo hadi kwa PS5 na umemaliza. Kama rauta iko sawa lakini 8.8.8.8 inapanda tu wakati watu wa nyumba wanaangalia video ama simu zinapandisha picha, basi foleni iko kwa laini yako mwenyewe, tafuta rauta iliyo na SQM (kitu kinachopanga foleni ya data), uiwekee asilimia 90 hivi ya spidi unayolipia na gemu itapata nafasi hata wengine wakishusha. Na kama inapanda hata ukiwa peke yako, kampuni imeuza laini kwa watu wengi kuliko inavyoeza, na hapo VPN haisaidii kitu kwa sababu nayo inapita bomba hilo hilo. Piga picha ya hayo majibu uwatumie, ukiwa na ushahidi wanakuskiza haraka kidogo.

Ukitaka VPN bado, jua PS5 haina app yake, inabidi uiweke kwa rauta ama upitishe intaneti kwa laptop. Kati ya aina za VPN, chagua WireGuard, iko nyepesi. OpenVPN ya TCP usiguse kwa gemu, pakiti (kipande cha data) moja ikipotea zingine zote zinasimama kuingoja.

Netflix sasa. Wanaangalia anwani ya IP (namba inayotambulisha laini yako mtandaoni), na anwani za VPN nyingi zinajulikana maana ni za data senta. Wakikushika hawafungi akaunti hivyo tu, mara nyingi unabaki ukiona vitu vile wana haki navyo dunia nzima, vingine vinapotea. Leo seva fulani inafanya, kesho imekataa, ndio maana sipendi watu walipie VPN miaka miwili kwa sababu ya Netflix pekee. Lipa mwezi mmoja ujaribu. Na iweke kwa TV tu, kama ni Android TV app zipo, PS5 iache ipite njia ya kawaida.

Kufungwa akaunti: kutumia VPN Kenya si kosa la sheria, lakini kila huduma ina masharti yake. Pale Steam, duka la gemu za kompyuta, wako wakali, ukijifanya uko nchi ingine ununue gemu kwa bei ya huko, unaeza poteza akaunti na gemu zote ndani yake. Hiyo usijaribu.

Hiyo ya bure jamaa alikuwa anakuwekea, kwanza muulize ni gani. Seva ni pesa, kuna mtu analipa. 2015 Hola, VPN moja ya bure, ilipatikana ikipitisha data ya watu wengine kwa laini za watumiaji wake wa bure na kuuza hiyo nafasi kwa jina la Luminati, yaani mgeni anafanya mambo yake mtandaoni na IP inayoonekana ni yako. Kama tayari iko kwa simu, itoe kabla hujaingia M-Pesa ama benki.

Ukimaliza hiyo tesi nitumie namba za rauta na za 8.8.8.8, za mchana na za saa mbili.