Entebbe hadi Dar es Salaam kwa ndege

Umbali wa angani kati ya Entebbe na Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,080, na ndege ya moja kwa moja huchukua chini kidogo ya saa mbili. Ukiona safari hii imeandikwa kuwa ya saa nne, huenda ni ya tiketi ya kubadilisha ndege Nairobi. Njia hiyo haiongezi umbali mkubwa, kwa kuwa Entebbe hadi Nairobi ni kama kilomita 520 na Nairobi hadi Dar es Salaam kama 670. Kinachokula muda ni kule kungoja ndege ya pili, ambako kwa tiketi nyingine hupita hata saa tatu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma mstari wa vituo kwenye tiketi, usitazame bei peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba muda ulioandikwa kwenye ratiba hujumuisha mwendo wa ndege ardhini, ndiyo maana huzidi muda halisi wa kuwa angani. Saa hazibadilishwi, kwani Uganda na Tanzania hutumia majira yale yale ya Afrika Mashariki. Kwa anayetokea Kampala, uwanja uko umbali wa kilomita 40 hivi, na foleni ya jioni (hasa kwa asiyepita barabara ya kulipia) inaweza kumchelewesha kuliko safari yenyewe ya ndege.