Kabla ya kukariri nadharia za akili, ijaribu akili yako

Mtihani wangu wa kwanza wa saikolojia tambuzi, yaani elimu ya jinsi akili inavyopokea, kukumbuka na kufikiri, nilifeli, na kilichoniuma si alama. Nilikuwa nimesoma! Sura ya kumbukumbu niliirudia mara nne, nikaipaka kalamu ya njano mpaka ikabaki mistari michache tu myeupe. Kila nilipoipitia nilijiambia, hii naijua. Kisha swali likanitaka nieleze kwa nini watu husahau, nami nikawa nimesahau. Rafiki yangu alipoisikia habari hiyo alicheka hadi machozi yakamtoka. Sikumlaumu.

Nilipolirudia somo lile nilibadili njia, na njia hiyo ndiyo ninayokushauri ikiwa unaanza leo. Usianze na nadharia. Tafuta majaribio waliyoyafanya waanzilishi wa fani hii, uyafanye mwenyewe, juu ya akili yako, kabla hujasoma walipata nini. Mengi hayahitaji mashine yoyote, ni karatasi, saa na mtu mmoja mvumilivu wa kukusaidia.

Mimi nilianza na Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani. Wilhelm Wundt alikuwa amefungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, lakini hakuamini kwamba shughuli za juu za akili, kumbukumbu ikiwemo, zinaweza kuchunguzwa kwa majaribio. Ebbinghaus alizipima, na mtu pekee aliyempima alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana takriban 2,300, konsonanti, irabu, konsonanti, akawa anazikariri kwa orodha, anaziacha, kisha anazikariri upya na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi alichookoa mara ya pili. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885.

Nakumbuka vizuri usiku nilipojaribu. Nilikuwa peke yangu mezani, silabi kumi na tatu mbele yangu, na baada ya kuzirudia mara 20 hivi nikaweza kuzitaja zote bila kuchungulia. Kazi kubwa ilikuwa kuzitunga. Kwa Kiswahili ni balaa, maana silabi zetu karibu zote zina kazi yake mjini: na, ya, la, si, ni, wa. Huwezi kumwambia Mswahili kwamba "la" haina maana. Ikabidi nitumie za mtindo wake, zup, mef, gid, ambazo ulimi wangu ulizikataa kabla hata kumbukumbu haijazikataa.

Kesho yake nilikumbuka tatu. Ningeishia hapo ningesema nyingine zote zimepotea. Ila nilipoanza kuzikariri upya zilirudi haraka mno, kama mgeni aliyewahi kufika nyumbani na anaijua njia. Hicho ndicho Ebbinghaus alichokipima. Baada ya saa moja, kazi aliyookoa ilikuwa takriban asilimia 44; baada ya siku moja, 34; na baada ya siku 31 bado ilikuwa 21. Yaani tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha mteremko unalala. Na kitu usichoweza kukitaja huenda bado kimeacha alama. Nilipoyakuta maelezo haya kitabuni safari hii sikuhitaji kalamu ya njano.

Hapo katikati kuna kipindi cha historia ambacho wanafunzi hukiruka, nami nasema usikiruke, kwa sababu bila hicho huelewi ugomvi ulikuwa wa nini. Watafiti waliofuata njia ya kujitazama ndani waliwaomba watu waeleze yanayopita akilini mwao, nao watu wakaeleza yasiyolingana. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kila mmoja alikuwa anasimulia za kichwa chake. Mwaka 1913 John B. Watson wa Marekani akasema yatosha: saikolojia ishughulike na kinachoonekana, yaani kichocheo na mwitikio. Kwa miongo kadhaa, hasa Marekani, neno "akili" likawa karibu neno la aibu maabarani. Vitabu vingi huwachora wanatabia, yaani Watson na wafuasi wake, kama watu wagumu wa kichwa. Mimi naona walikuwa na hoja nzuri. Walichokosea ni kudhani kwamba kisichoonekana hakiwezi kupimwa kabisa.

Panya ndio waliowaumbua. Mwaka 1930 Edward Tolman na mwenzake Honzik waliwaacha panya wazungukezunguke kwenye njia zenye vichochoro bila chakula chochote mwishoni. Siku ya 11 chakula kikawekwa. Makosa ya panya wale yakaporomoka mara moja, wakawa sawa na wenzao waliokuwa wakilishwa tangu siku ya kwanza. Walikuwa wamejifunza bila zawadi na bila kuonyesha. Tolman akasema wana ramani kichwani. Ukikubali kwamba panya ana ramani, kumnyima binadamu akili inakuwa taabu.

Jaribio la pili nililolifanya ni la masikio. Vita vya pili vya dunia viliwaacha wanasayansi na maswali ya vitendo: rubani au mwongoza ndege anasikia sauti nyingi kwa pamoja, anafuataje moja? Mwaka 1953 Colin Cherry, huko Uingereza, aliwavisha watu spika za masikioni, kila sikio likapewa maneno yake, wao wakatakiwa kurudia kwa sauti ya sikio moja tu. Mimi nilirekodi mazungumzo mawili kwenye simu, nikayapanga kushoto na kulia, na rafiki yangu (yule aliyenicheka) akawa ndiye wa kwanza kukaa. Akafuatisha sikio la kulia vizuri kabisa. Nilipomuuliza la kushoto lilisema nini, akanitazama kama nimemuuliza kuhusu ndoto ya mtu mwingine. Alijua tu kwamba ilikuwa sauti ya mwanamke. Wa Cherry nao walikuwa hivyohivyo: walitambua sauti ikibadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke, lakini Kiingereza kilipogeuzwa Kijerumani hawakugundua.

Donald Broadbent akayaweka haya katika mfano wa chujio mwaka 1958: taarifa nyingi zinafika mlangoni, mlango ni mwembamba, kinachopita ni kimoja. Mwaka uliofuata Neville Moray akaonyesha kwamba chujio hilo linavuja, kwani baadhi ya watu husikia jina lao likitajwa upande wasiousikiliza. Ninachokipenda katika fani hii ni hicho, mfano unajengwa, mtu anautoboa, unajengwa mwingine. Kwangu faida ilikuwa ya papo hapo. Nilikuwa nasoma huku simu ikiwa wazi kando ya daftari na nikijisifu kwamba naweza yote mawili. Mshika mawili moja humponyoka, wahenga walishasema. Simu ikahamia chumba kingine.

Jaribio la tatu ni jepesi. Mtu akusomee tarakimu, moja kwa sekunde, nawe uzirudie kwa mpangilio. Mwaka 1956 George Miller aliandika makala maarufu kuhusu namba saba, kuongeza au kupunguza mbili, kuwa idadi ya vitu tunavyoweza kuvishika akilini kwa mara moja. Watafiti wa baadaye, Nelson Cowan akiwa mmoja wao, wameishusha hadi nne hivi pale unapozuiwa kujirudia kimoyomoyo. Mimi nilifika sita kwa Kiswahili na nane kwa Kiingereza. Nilidhani nimekosea, nikarudia, ikatoka vilevile. Baadaye nikakuta maelezo: mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba kinachohesabika pia ni urefu wa kutamka, takriban maneno unayoweza kuyasema ndani ya sekunde mbili. Moja, mbili, tatu, nne: zetu ni ndefu. Kwa hiyo kabla hujajiona mzito, pima kwa lugha zote unazozijua.

Halafu jaribu hizi: 191419451969. Zikisomwa moja moja zinakushinda. Zikiwa 1914, 1945, 1969, ni vitu vitatu tu, vita vya kwanza vya dunia kuanza, vya pili kuisha, mtu mwezini. Mlango haujapanuka, mizigo ndiyo imefungwa vizuri. Na hii ndiyo sababu mtu anayejua jambo hujifunza zaidi kuhusu jambo hilo kwa urahisi unaokera wengine. Nilipoacha kukariri fasili zilizotawanyika, nikaanza kuzifunga kwenye kisa cha nani alimjibu nani, nusu ya mtaala iliingia bila kelele.

Mwaka huohuo wa 1956, tarehe 11 Septemba, ulifanyika mkutano chuoni MIT ambapo Miller alizungumza, Noam Chomsky akaeleza sarufi, na Allen Newell na Herbert Simon wakaonyesha programu ya kompyuta inayothibitisha kanuni za mantiki. Miller aliihesabu tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa sayansi ya utambuzi. Kompyuta iliwapa watu ruhusa ya kusema tena kuhusu mambo yaliyofichika: ikiwa mashine inapokea taarifa, inaihifadhi na kuichakata, na tunaweza kueleza hatua zake, kwa nini tusieleze za binadamu? Mwaka 1967 Ulric Neisser akaandika kitabu kilichoipa fani jina lake. Usiuchukulie mfano wa kompyuta kama ukweli mtupu, lakini. Neisser mwenyewe, mwaka 1976, alilalamika kwamba utafiti umejifungia maabarani mbali na maisha.

Sasa kuhusu kufeli kwangu. Jibu lilikuwa katika jaribio la mwaka 2006 la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Kundi moja lilisoma matini na kuisoma tena. Jingine lilisoma, kisha likajaribu kukumbuka bila kutazama. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda. Baada ya wiki, mambo yaligeuka. Ile hisia yangu ya "hii naijua" ilikuwa ya kweli, kwa dakika tano. Tangu hapo nasoma kurasa chache, nafunika, naandika ninachokumbuka hata kikiwa aibu, ndipo nafunua. Narudia kesho, na tena baada ya siku kadhaa. Haifurahishi hata kidogo. Mara nyingi utajiona mjinga. Vumilia hilo, maana kule kuhangaika kulitafuta neno ndiko kunakolikaza.

Na jambo la mwisho: andika matokeo yako papo hapo, usiiachie kumbukumbu. Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza mwaka 1932 jinsi wasomaji wake Waingereza walivyosimulia upya hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Kila waliporudia, yasiyoeleweka yaliondoka, mitumbwi ikawa mashua za kawaida, hadithi ikafupika na kunyooka hadi ikafanana na zile walizozizoea. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Akili inahifadhi vipande, kisha inajenga upya kwa kufuata sura ya mambo inayoyajua.

Nilipofika aya hii nikaona nithibitishe tarakimu zangu, nikalitafuta daftari la wakati ule. Tarakimu za Kiswahili na Kiingereza ni sahihi. Usiku wa silabi, hata hivyo, daftari linasema nilizirudia mara 34, si 20. Na pembeni kuna mwandiko usio wangu, unaohesabu mizunguko kwa vijistari: rafiki yangu alikuwapo muda wote, ndiye aliyekuwa akinisomea. Nimeiacha aya ile kama nilivyoiandika.