Bahari yote rangi moja: ramani ya kontua inapogoma

Swali: Nina faili la NetCDF (muundo wa kuhifadhi data za gridi) la halijoto ya uso wa bahari kwa dunia nzima, gridi ya digrii moja. Nikichora kwa contourf, amri ya maktaba ya Python iitwayo Matplotlib inayopaka rangi kati ya kontua, bahari yote inatoka rangi moja na nchi kavu rangi nyingine. Nikiongeza mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye thamani sawa, yote inarundikana pwani. Tena kuna ufa mweupe unaoshuka wima kwenye longitudo 0. Nimebadilisha rangi hadi nimechoka. Tatizo liko wapi?

Jibu: Achana na rangi kwanza. Kabla ya kugusa mchoro, chapisha namba mbili: Z.min() na Z.max(), yaani thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa (Z ni jedwali lako la halijoto). Dalili ulizoeleza zinaonyesha kwamba ya pili itakuja 9.96921e+36 (karibu 10 mara 10 kwa kipeo cha 36) au kitu cha ukubwa huo. Hiyo si halijoto. Ni namba ambayo NetCDF hujazia mahali pasipo na kipimo, na kwenye data yako mahali hapo ni nchi kavu. Mafaili mengine hutumia -9999 au 1e20.

Usipotaja viwango, yaani thamani ambazo rangi hubadilikia, contourf huchukua thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa, kisha hugawa nafasi iliyo kati yake kwa hatua sawa. Hatua ikiwa kubwa kiasi hicho, maji ya nyuzi -2 na ya nyuzi 30 yote huangukia kiwango cha kwanza. Mistari nayo haijapotea njia. Chukua nukta mbili jirani pwani: moja ni bahari, 27, ya pili ni nchi kavu, 9.97e36. Programu huunganisha nukta hizo kwa mstari mnyoofu na kutafuta kila kiwango kinakatiza wapi. Viwango vyote vinakatiza hapo hapo, katika nafasi ya seli moja, ndiyo maana rundo linafuata pwani.

La kujiuliza sasa ni namba hiyo ilipenyaje, maana maktaba ya netCDF4 huzifunika namba hizi yenyewe inaposoma faili, yaani huzitia alama kwamba si data. Tafuta kwenye msimbo wako mahali ulipoandika np.array(...) (np ni maktaba ya NumPy) ukizungushia data uliyosoma. Hatua hiyo huvua kifuniko na kuziacha namba za chini yake wazi. Iondoe, uache data ilivyo. Kama faili lenyewe halikutangaza namba yake ya kujazia, funika kwa mkono: Z = np.ma.masked_greater(Z, 1e19), au np.ma.masked_equal(Z, -9999) kama namba ni -9999. Na ufunike kabla ya kubadili vizio! Ukitoa 273.15 kwanza ili kutoka Kelvini kwenda Selsiasi, -9999 inageuka -10272.15, na masked_equal uliyoiandikia -9999 haitakamata chochote.

Kisha taja viwango mwenyewe: levels=np.arange(-2, 34, 2), pamoja na extend='both'. Sishauri kuiachia programu kazi hii, hasa unapolinganisha ramani za miezi miwili: kila moja itajipangia viwango vyake, na rangi ile ile itamaanisha joto tofauti. Bila extend, thamani zinazovuka viwango vyako huachwa nyeupe, nawe utadhani data haipo.

Ufa ni jambo jepesi. Bila shaka longitudo zako zinaanza 0.5 na kuishia 359.5, au karibu na hapo. contourf hupaka kati ya nukta na nukta, na haina habari kwamba ya mwisho imepakana na ya kwanza. Ongeza safuwima ya 361, nakala ya ile ya kwanza, kwa longitudo 360.5. add_cyclic_point ya Cartopy, maktaba ya kuchora ramani, hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja.

Jambo moja hukuliuliza, lakini utakutana nalo ukianza kukata maeneo madogo. Z inatakiwa iwe na safumlalo kwa latitudo na safuwima kwa longitudo. Gridi ya 180 kwa 360 ikigeuzwa, Matplotlib hukataa papo hapo. Kipande cha 40 kwa 40 hakitaleta kosa lolote: ramani itatoka safi, na karibu kila thamani iko mahali pasipo pake. Kichore kwanza kwa pcolormesh, inayopaka kila seli rangi yake, pamoja na mstari wa pwani. Seli zilizofunikwa zisipokaa juu ya nchi kavu, tumia Z.T (hubadilishana safumlalo na safuwima) na uchore upya.